Mwezi wa Siku Ishirini na Nane

Nimekaa chooni, maana ndipo mtandao unapokamata,
Tabata Kimanga, saa nne na nusu usiku,
simu ina chaji asilimia kumi na tisa
na kitufe cha kijani kinasema: NAKUBALI.

Jina langu Sikujua.
Marehemu bibi alilichagua, kwa sababu zake.
Darasani mwalimu akiuliza nani kavunja dirisha,
wenzangu walijibu kwa pamoja, "Sikujua, mwalimu!"
na fimbo ikanijia mimi.
Mbele ya mkataba pia, jina hili si utetezi.

Nataka kupungua. Nisizunguke.
Goti la kushoto linanisema kila ngazi,
na fundi Mwantumu, alipofumua gauni langu la sare
kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu,
alisema taratibu, pini mdomoni:
"Kitambaa cha kuachia kimeisha, dada."
Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Tangazo likanikuta hapo hapo.
Mama kasimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani;
sindano moja kwa wiki, daktari kwenye simu,
mwezi wa kwanza elfu arobaini na tisa tu.

Hilo "tu" ndilo lililoniamsha.
Miaka kumi na moja nafunga hesabu za duka la vipuri, Gerezani,
na sijawahi kuona "tu" ikikaa peke yake.
Ndugu zake hufika usiku, na mabegi.

Nikashuka chini. Chini kabisa,
mahali maandishi yanapokuwa membamba;
humo ndani, ndiyo pekee niliyoona yamekonda kweli.

Elfu arobaini na tisa ni ya uanachama. Dawa haimo.
Daktari akikukatalia, ada hairudi.
Mwezi wa pili, laki tatu na themanini na tano,
zinakatwa zenyewe kwenye kadi, bila hodi.
Ukitaka kutoka, toa taarifa saa sabini na mbili kabla,
kwa barua pepe; si kwa simu, si kwa kulia.
Na "mwezi", kifungu cha tisa,
maana yake siku ishirini na nane.

Nikarudia. Nikahesabu kwa vidole, mhasibu mzima.
Kwao kila mwezi ni Februari.
Mwaka wangu una mishahara kumi na miwili,
mwaka wao una makato kumi na matatu.
Huo mshahara wa kumi na tatu nitautoa wapi,
gotini?

Nikamwandikia mhudumu wao:
dawa inatoka famasi gani, na imesajiliwa wapi?
Umeme ukikatika siku mbili, friji ikageuka kabati,
sindano iliyopata joto mnaibadilisha, au bahati yangu?
Nikiacha katikati, nani ataniangalia mwili huu?

Jibu likaja kabla sijavuta pumzi:
"Habari Sikujua mpendwa! Ofa inaisha leo saa sita usiku."

Mpendwa.
Baba Nasibu ana miaka hajaniita hivyo,
na yeye simkatii ada.

Mlango ukagongwa. "Mama, bado uko humo?"
Nipo, mwanangu.
Natafuta pa kutokea kabla sijaingia.

Asilimia sita. Nikapiga picha kifungu cha tisa,
na kile cha ada isiyorudi, nikazima.
Kesho mchana, badala ya chipsi,
nitavuka barabara hadi kliniki, nikapange foleni
kwa daktari mwenye uso,
nimwekee mezani goti na simu, vyote viwili,
nimwambie: nisomee.
Huenda ataniambia sindano inanifaa. Sijaikataa.
Nimekataa kuolewa gizani.

Alfajiri, maji ya chai hayajachemka, nikachungulia.
Mama yule bado kasimama kwenye mguu wa suruali.
Chini yake, kwa wino mwekundu:
ofa inaisha leo saa sita usiku.