Jiwe Katika Ndengu

Miaka kumi na tisa nimekuwa ulimi wa wengine
hapa Makadara, kando ya kizimba,
na bado neno moja hunikwama kooni: shaka.

Leo hakimu alilitamka mara nne, akapangusa miwani,
nami nikamfikishia Mama Mutheu kwa Kikamba:
Barasa yuko huru.

Koridoni alinishika mkono wa shati.
"Kwani Odera amedanganya?"
Hapana, mama. Odera aliona koti jekundu
likikimbia nyuma ya gereji.
Ila ile barua ya watu wa stima
inasema mtaa mzima ulilala gizani toka saa moja,
na gizani, jekundu ni jeusi tu.

Akanyamaza. Nikajaribu kwa biashara yake:
Wewe unauza ndengu. Vumbi unalipepeta, linakwenda.
"Pengine ni majini, pengine ana pacha", hilo ni vumbi.
Lakini ukishaona jiwe,
hata moja,
humpimii mteja ukamwambia tafuna tu.

"Na Kioko wangu?" akauliza.
"Yeye alitafuna nini?"

Kwa Kikamba nilikosa. Kwa Kiswahili pia.
Kiingereza sikujaribu;
kile kina milango mingi ya kutokea.

Barasa akapita, viatu havina kamba,
bahasha ya kaki kwapani.
Mama hakumtazama usoni.
Alitazama mikono,
muda mrefu,
kama mtu anayechambua.