Waya Mrefu

Pua ndiyo iliyojua kwanza.
Saa mbili usiku, umeme umekatika,
baba anamenya karanga kando ya sigiri
na harufu ikapita katikati yetu
kama ya kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.
"Kuna kitu kinaungua," akasema baba,
akageuka kukitafuta,
na kisigino chake kimelalia kaa.

Hakupiga kelele. Hakuvuta mguu.
Alikitazama kisigino kama mtu anayetazama mzigo
ulioshushwa stesheni isiyo yake.

Huyu ni Oboth Yokana,
miaka ishirini na sita katika chumba cha ishara, Tororo,
treni za Malaba zikimpitia mkononi,
hii aitume Jinja, hii aikunje ielekee Mbale.
Mimi ni bintiye wa mwisho, Nyaketcho,
na Jumatatu nina mtihani wa uuguzi
juu ya kitu kile kile kilichokataa kumwita.

Basi nikamfunga bandeji, nikawasha chemli,
nikamfungulia kitabu:
mtu amechunwa ngozi, neva zake za manjano
zimemtambaa mwili mzima kama mizizi ya nyasi.
"Ubongo huu, baba, ndio makao makuu."
"Nairobi," akasema.
"Kampala, baba. Mambo yalibadilika."
"Na huku mgongoni?"
"Njia kuu. Matawi jozi thelathini na moja,
kila tawi lina waya wa kuleta habari
na waya wa kupeleka amri.
Ukikanyaga moto, mgongo haungoji makao makuu,
unauvuta mguu kwanza, ripoti baadaye."
"Mkuu wa stesheni ndogo mwenye akili."
"Ndiyo. Lakini lazima habari imfikie."

Akanyamaza. Nje lori la saruji likapanda,
vikombe vikatetemeka kabatini.
"Na pua?"

Pua haipiti mgongoni, nikamwambia.
Pua, macho, masikio, ulimi, vina nyaya zao fupi,
zinaingia kichwani kwa mlango wa mbele.
Ndiyo maana pua yako ilisema
na mguu wako ulikuwa kimya.
Sukari hula neva ndefu kwanza,
huanzia vidoleni, hupanda polepole
kama mtu anayevaa soksi.

"Hata wezi," akasema baba.
"Mwaka ule wa vita walikata shaba ya kwenda Mbale,
walianza kule mbali, porini, nguzo kwa nguzo.
Mashine yangu ikalala. Kijana wa zamu akashangilia:
leo hakuna treni!
Nikamwambia, mpumbavu wewe,
kimya si 'hakuna.' Kimya ni 'sijui.'
Panda baiskeli ukaangalie."

Niliandika hilo pembeni mwa ukurasa,
kwa penseli, ingawa mtahini hataliuliza.

Kesho yake nikampima kwa uzi wa nailoni,
macho ameyafumba. "Nikikugusa, sema."
"Ndiyo," akasema. "Ndiyo." "Ndiyo."
Mara ya tatu sikuwa nimemgusa.
Alikuwa akisikiliza kitanda kinavyolia nikiinama;
sikio, na yule konokono wake mdogo wa maji,
lilikuwa likimfanyia zamu mguu ulioacha kazi.
"Baba, huo ni udanganyifu."
"Huo ni uzoefu," akasema, na hakucheka.

Sasa kila usiku, kabla ya sala,
anavua viatu, anaegemeza kioo cha marehemu mama,
anashusha mkono chini ya unyayo
kutoka kisiginoni hadi kidole gumba, bila haraka:
mkono umepanda baiskeli.

Jana mkono ulirudi na kokoto,
jeusi, la ncha kali, la kando ya reli,
lina damu iliyokwisha kukauka.
Akaliweka juu ya kitabu changu,
pale pale penye picha ya mguu.
"Hili," akasema, "tangu asubuhi."