Mwaka wa Ishirini na Saba

Saa mbili asubuhi naingia mwaka wa ishirini na saba.
Simu naizima, naitia kibwetani,
malapa nayavua chini ya ngazi,
najifunga kaniki iliyofuliwa kwa sabuni ya unga,
na tayari mimi ni mchumaji.
Daftarini sina jina. Nina nambari: arubaini na tatu.

Mshahara wa makumbusho huja tarehe thelathini.
Ukichelewa twachekana:
hata hili tumeliigiza sawasawa.

Mgeni Faki ndiye karani.
Nje ya geti auza vipuri vya baiskeli, Wete mjini,
na ana deni langu, elfu kumi na mbili, tangu Ramadhani.
Ndani ya geti ana kofia ngumu, soksi hadi magotini,
na sauti sijui kaiazima kwa nani.
Aniita "Wewe!"
Naitika "Bwana," macho chini,
nikitazama kiatu chake, soli imeachia.

Leo ni darasa la sita.
Wamekuja kwa miguu, mitandio imeshika vumbi jekundu.
Mwalimu wao kawaambia: andikeni mnachokiona.

Wanaiona pishi juu ya meza.
Hawajui kitako chake kiligongwa kwa nyundo
kikatokeza nje kama tumbo la miezi saba.
Karani ajaza, atikisa, ashindilia kwa kiganja,
arundika mpaka karafuu zamwagika sakafuni,
kisha apiga kelele: "Moja!"
Na mimi, kama ilivyoandikwa,
nasema: "Ahsante, Bwana."

Msichana mmoja, jino la mbele limemeguka,
anyoosha kidole.
"Lakini ile si pishi moja."

Mgeni anitazama. Mimi namtazama Mgeni.
Kwenye karatasi zetu hapana mahali pa maneno hayo.
"Nyamaza, Time," asema mwalimu,
"hii ni historia."

Bibi yangu Mize alichuma shamba hili hili,
mikarafuu ile ya kule bondeni, iliyobaki visiki.
Nilimweleza bwana aliyekuja na kompyuta
kutuandikia ya kusema:
kwamba bibi hakushukuru siku hata moja,
kwamba wasimamizi wakiwapekua jioni, mikono juu,
wakitafuta mifuko,
naye akisema moyoni, kaniki haina mfuko, wajinga nyie,
kaniki ina pindo.
Chembe kumi leo, kumi kesho, fundo dogo kama kunde.
Msimu ukiisha, sufuria ya shaba.
Ninayo. Ndiyo naichemshia maji ya mtoto.
Bwana yule akaniuliza: kuna waraka?

Basi leo nilipopiga magoti kuziokota zilizomwagika,
kama ilivyoandikwa,
vidole vyangu vikafanya kisichoandikwa.
Nikalikunja pindo polepole,
nikafunga fundo,
polepole, ili mwenye macho aone.

Time aliona.
Penseli yake ikasimama katikati ya neno.
Akautazama mkono wangu, akamtazama karani,
tena mkono wangu,
akalifunga daftari lake, akalikumbatia kifuani.

"Umeandika?" mwalimu akamuuliza.
"Bado."
"Alifanya nini yule mama?"
"Mi sijaona kitu, mwalimu."

Sijapata kufundisha siku nyingine kama hiyo.

Saa tisa nikavua mwaka, nikavaa malapa.
Mgeni akanifuata getini, kofia kwapani,
akanitia noti mkononi, zimekunjwa ndogo:
"Haya, kumi na mbili zako, tumemalizana."
Nikazihesabu mbele yake. Nikazihesabu tena.
Zilikuwa kumi na mbili. Akanuna.

Njiani ndipo nikakumbuka kaniki,
niliyoichukua kwenda kuifua,
na chembe saba za mali ya makumbusho
ndani ya pindo.
Nilikuwa sijafika mbali. Ningeweza kurudi.