Shubiri Moja ya Ala

Baiskeli nzima, kilo kumi na kitu,
rangi ya divai iliyosahauliwa kwenye glasi,
na kinachoninyima usingizi ni shubiri moja:
ala ya waya wa gia,
pale nyuma, chini, waya unapoacha kukimbia uchi
kando ya bomba la fremu
ukajipinda kuingia kwenye mkono wa gia.
Shubiri moja tu. Kwingine kote waya hauhitaji nguo.

Ivo Dhaenens alinitandikia vipande kwenye kaunta
kama muuza samaki siku ya Ijumaa.
Nje, Ronse ilikuwa inanyeshewa tangu Jumanne.
"Hii milimita tano, ya breki, imezungushwa kama springi;
ukivuta inasinyaa, gia inachelewa.
Hii milimita nne, nyuzi zake zimelala sambamba,
haisinyai, ila ukiifunga kwenye breki itapasuka
siku usiyoitaka.
Na hii," akaishika kwa vidole viwili,
"ya zamani, chuma cha pua kitupu, haina plastiki ndani.
Inang'aa. Inakwaruza."

Simu ikalia. Binamu yangu Firmin, kutoka Kortrijk,
aliyeiendesha miaka minane kwenye mashindano ya vijijini,
akashinda mara moja, akapewa paja la nguruwe.
"Godelieve, iwe kijivu. Kijivu, unanisikia?
Mwaka sabini na nne hapakuwa na nyingine."
Macho yake yana ukungu; mwezi jana
alimimina kahawa pembeni ya kikombe.
Lakini rangi, rangi anaikumbuka.

Nikachukua ya chuma kitupu. Heshima, nilijiambia.
Nikaipaka grisi, nikapitisha waya, nikavuta wenzo:
cheni ikapanda gia ya tatu ikinung'unika
kama mtu aliyeamshwa kumpisha mgeni kitanda,
na nilipolegeza haikushuka.
Nikazungusha pedeli kwa mkono.
Ikabaki.

Kesho yake nikarudi kwa Ivo.
Ya milimita nne, yenye utando ndani, ilibaki nyeupe tu,
nyeupe ya meno ya bandia.
Akanipa na kofia mbili za shaba za kuvisha ncha.

Kukata ndiko kazi. Ikiwa fupi, inauvunja waya shingo;
ikiwa ndefu, inatangatanga ikitafuta kisigino cha kugonga.
Na ikishakatwa haiungwi.
Nilipima kwa uzi wa kushonea, nikapima tena
kwa uzi mwingine, kana kwamba ule wa kwanza
ulikuwa na nia mbaya.
Koleo likauma. Tundu likafumba kama jicho;
nikalifumbua kwa msharasi,
nikasawazisha ncha kwa tupa.

Kisha kofia ikakataa kuingia kwenye kishikizo cha fremu.
Nusu ya unene wa ukucha, ikakataa.
Aliyekichomelea hakujua mambo ya kofia;
enzi zake ala iliingia kichwa wazi.
Nikainua tupa. Nikaitazama ile rangi ya divai.
Nikaishusha.
Nikaibana kofia kwenye jiriwa, nikaipunguza yenyewe,
mikwaruzo kumi, jaribu, mikwaruzo minne, jaribu,
maana kofia zinauzwa kwa senti, fremu ni hii.

Jumapili Firmin akaletwa na mpwa wake.
Hakuketi. Akaushika wenzo bila kuutafuta;
mimi nikanyanyua gurudumu, nikazungusha pedeli.
Gia ya pili. Ya tatu. Ya tano. Akarudi ya pili.
Hapakusikika kitu ila cheni yenyewe ikihama,
kama mtu anayefunua gazeti chumba cha pili.

Akateremsha vidole kuufuata waya,
chini, nyuma, hadi kwenye pindo,
akaipapasa ala mara mbili.
"Nyembamba," alisema.
Kisha: "Umeweka kijivu?"

Nikatafuta kitambaa.
Nikafuta grisi, kidole kimoja kimoja.