Wikio Lisilo na Boriti

Chumba hiki cha Mkomani, upana wake ni boriti moja ya mkoko.
Fundi aliyekijenga hakumuuliza mwenye nyumba ataka ukubwa gani,
aliuliza mti umefika wapi.
Nami usiku huu nauliza vivyo hivyo:
koili yangu ya mikroni mia mbili,
sauti yake itafika wapi?

Chipu mbili, moja mgongoni mwa mwenziwe,
hakuna waya, hakuna tundu la kupitisha waya.
Ya chini yazungusha umeme, ya juu yashtuka,
na huo mshtuko ndio neno.
Lakini maneno elfu yakitumwa, mia hayavuki
unene wa unywele.

"Tuongeze nguvu," asema Lali, kidole kwenye kitufe.
Lali, ukipiga ukelele ndani ya nyumba za mawe
asiyeitwa ndiye anayeitika.
Koili ya jirani tayari yasikia yasiyoihusu.
Punguza.

Tukasaga silikoni ikawa kama ganda la kitunguu.
Mbili zilivunjika. Ya tatu,
Lali alipiga chafya.
Ya nne tukaishusha juu ya gundi, pumzi tumezibana,
na chini njiani punda wamebeba mchanga, wanagonga kuta kwa matandiko.
Hadubini ikatwambia: mmekosea, mikroni kumi na nane, upande wa kibla.
Nikacheka. Kumi na nane!
Katika mji usio na pembe hata moja iliyonyooka.

Hapo penye rafu ya vifaa palikuwa mlango wa wikio
kwenda orofa ya Bi Zena Famau.
Usiku, ukishafungwa, mama aliugonga kwa mpini wa upawa:
mara mbili, chumvi imekwisha;
mara tatu, njoo, kuna habari.
Nyumba ile iliuzwa. Wenyewe wapya wakaziba kwa matumbawe na saruji,
kazi safi, siwezi kuisema vibaya.

Kabla gundi haijaganda tukaisukuma chipu kwa ncha ya sindano.
Saa tisa za usiku maneno yakavuka,
milioni nzima, yakapotea mawili tu,
kwa nusu ya nguvu ile ya mwanzo.
Lali akaenda kulala bila kuaga.

Nimeandika daftarini: unene, mkao, mizunguko saba.
Mama ameamka. Amepita nyuma yangu na upawa mkononi,
amesogeza kisanduku cha bisibisi.
Mara mbili.

Nami, kalamu juu ya karatasi,
nausikiliza unene wa saruji.