Pindo la Inchi Mbili

Saa kumi na moja na nusu, kidonge na maji matupu.
Chai isubiri; daktari wa Bombo kasema nusu saa,
na birika linanitazama kama mdai.

Tezi ya shingoni imesinzia, ndivyo alivyonieleza,
na mwili wote nao ukajilalia.
Joto la Machi, Ngamiani nzima inajipepea kwa vifuniko vya ndoo,
mimi peke yangu nimevaa sweta.

"Mwanamkasi, umenawiri! Ndoa imekukubali!"
Wifi Mwatumu huyo, kakalia kiti cha wateja.
Namwambia ni maradhi. Anacheka, anatafuna visheti.
Mimi nina mchicha kwenye kikopo, hauna nazi.
Mwezi mzima hauna nazi.

Nimetembea mpaka Raskazoni na kurudi, alfajiri kwa alfajiri,
soli ikaisha kabla sijaisha mimi.
Mzani ulisema tisini na moja.
Juzi ukasema tisini na moja na robo.
Hiyo robo imetoka wapi, nikamuuliza nesi,
kwenye mchicha?
Akaandika kwenye kadi: dozi ipande, arudi wiki ya sita.
Mimi ni fundi cherehani;
"njoo wiki ijayo" naijua maana yake.

Jana usiku nilikata gauni langu mwenyewe, kitenge cha kijani.
Nikaacha pindo la inchi mbili kila ubavu:
mwili ukiamka, nitabana;
ukigoma, nitafumua.
Uzi ninao.

Nusu saa hiyo. Birika, njoo.