Kumbukumbu za Kikao cha Jumanne

Naandika yasemwayo. Ndiyo kazi yangu,
miaka kumi na tisa katika ukumbi huu wa Duisburg:
kalamu mbili, kinasa sauti, glasi ya maji
ninayoikumbuka watu wakishaondoka.

Ajenda ya nne. Basi la usiku,
lile linalozunguka maghorofa ya nyuma ya kiwanda cha chuma,
lifutwe au lisifutwe.

Diwani Kowalczik alisimama, miwani mkononi.
Akataja dizeli, mishahara ya madereva, viti vitupu.
Kisha akasema, kama mtu anayefunga mkoba:
"Na wale, sote tunajua, hata nauli hawalipi."

Wale.
Nililiandika. Jepesi, halina uzito wa wino.
Lilipita katikati ya ukumbi kama mfagizi na ndoo yake,
hakuna aliyelitazama usoni.

Diwani Nurcan Albayrak hakusimama.
Alivuta maikrofoni: "Huo ni ubaguzi wa rangi."

Hilo sasa likasimamishwa mlangoni.
Likapekuliwa mifuko, likadaiwa kitambulisho,
limetoka wapi, limeletwa na nani,
lina kibali gani cha kukaa humu.

Saa moja na dakika arobaini.
"Mimi?" alisema Kowalczik. "Mimi?" Mara sita, nimehesabu.
Akamtaja daktari wake wa meno, Msiria, mtu safi kabisa.
Akamtaja babu yake aliyetoka Poland kuchimba makaa,
wakamwita nguruwe, wakamnyima chumba cha kupanga,
na hapo sauti ikamkatika.
Haikuwa maigizo. Nakaa karibu, nilikiona kidevu.

Chama chake kikadai aombwe radhi.
Chama cha pili kikadai radhi kwa kudaiwa radhi.
Mmoja akalalamika kwamba siku hizi mtu hawezi kusema lolote,
akalisema hilo kwa dakika kumi na mbili.
Kijana wa safu ya nyuma alipiga meza kwa ngumi,
huku mkono wa pili ukimrekodi.

Mwenyekiti akaniinamia: "Bi Brandhorst, neno lile lifutwe."
"Lipi?" nikauliza.
Akanitazama kama kwamba kiti kimesema.

Wakati wa mapumziko, kwenye mashine ya kahawa,
Nurcan alikuwa akikoroga kikombe kisicho na sukari.
"Mara tatu nimewaletea hesabu za abiria," alisema.
"Mara tatu wamesoma simu zao.
Nikilitamka hili, vichwa vinainuka.
Ila vikiinuka havilitazami basi. Vinanitazama mimi."
Akanyamaza. Kijiti kikaendelea kuzunguka.
"Mwaka juzi nilimrushia mzee Terhorst.
Kosa lake lilikuwa uziwi tu. Hakurudi tena barazani."
Hayo sikuyaandika. Korido haina kumbukumbu.

Saa nne na robo taa za mbele zikazimwa.
Kwenye viti vya wananchi alibaki mama mmoja, Zdravka,
afua mashuka hospitalini zamu ya jioni,
fomu ya kuomba kusema imekunjwa mara nne kiganjani.
Hakuna aliyemwita.
Akaniuliza kwa Kijerumani chake cha kuokoteza:
"Basi je?"

Nikapekua kurasa kumi na moja.
Kuhusu basi, basi: mstari mmoja. Limeahirishwa.
Akatazama saa ya ukutani, akafunga vifungo vya koti.
La mwisho lilikuwa limeshapita.

Nilimwona kupitia dirishani akishika njia ya kiwandani,
mvua ile nyembamba isiyo na sauti.
Gari la Kowalczik likapunguza mwendo kando yake.
Kioo kikashuka. Akasema kitu.
Mama akajibu kitu, akatikisa kichwa,
akaendelea kutembea,
na gari nalo likamfuata polepole, taa zimewaka,
hadi kona ya duka la matairi.

Kinasa sauti kilikuwa kimezimwa.
Sijui walisemezana nini.
Nilirudi mezani, nikanywa maji yangu,
maneno yote mawili bado yako kwenye karatasi.